Posa na Dansi

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na nyimbo peke yake. Umo pia katika namna vijana wa taifa hilo wanavyokutana, wanavyochaguana, wanavyoposana na kuahidiana mbele ya wazee wao. Mgeni atakaye kuwafahamu watu kwa haraka asianze kuuliza habari za majengo yao. Aulize jinsi kijana wa kiume anavyomwendea binti wa watu, na jinsi wazazi wa binti wanavyomjibu. Katika majibu hayo atayasikia yote: hofu ya watu hao, tamaa yao, adabu yao na mzaha wao.

Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya kuzungumza juu ya filamu moja ya kigeni, tena ya kuchekesha, ambayo habari yake yote ni uchumba na dansi. Huenda wapo watakaosema kwamba michezo ya Hollywood haina nafasi katika kitabu cha utamaduni wetu. Sisi twasema kwamba kioo si lazima kiwe kimetengenezwa nyumbani ndipo kimwonyeshe mtu uso wake.

Filamu yenyewe yaitwa Swing Time. Ilitolewa Marekani mwaka 1936 na kampuni ya RKO, na mwongozaji wake alikuwa George Stevens. Wachezaji wakuu ni Fred Astaire na Ginger Rogers, ambao kati ya mwaka 1933 na 1949 walicheza pamoja katika filamu 10. Hii ni ya 6. Muziki wake ulitungwa na Jerome Kern, na maneno ya nyimbo yakatungwa na Dorothy Fields. Wimbo wao mmoja, The Way You Look Tonight, ulipata tuzo ya Oscar. Miaka ile ilikuwa ya dhiki kubwa ya uchumi katika nchi hiyo. Mamilioni ya watu hawakuwa na kazi, na wengi waliokuwa na senti chache walizitoa mlangoni ili wakae gizani kwa muda, wawatazame watu waliovaa vizuri wakicheza.

Kisa chake ni hiki. Yuko kijana mmoja, mchezaji dansi na mcheza kamari, ambaye watu humwita Lucky, yaani mtu wa bahati. Leo ni siku yake ya kumwoa Margaret. Wenziwe wa kundi la dansi hawataki kumpoteza, kwa hiyo wanamdanganya kwamba suruali yake ya harusi si ya mtindo wa kisasa, maana haina pindo miguuni. Suruali inapelekwa kwa fundi cherehani, saa zinapita, na bwana harusi amekaa bila suruali huku wageni wakichoka kungoja na kurudi makwao. Anapofika, baba mkwe amefura kwa hasira. Mwishowe unapatikana mwafaka: kijana aende New York, na siku atakayokuwa amepata dola 25,000, arudi amchukue mchumba wake. Basi Lucky anadandia gari moshi la mizigo akiwa bado amevaa nguo za harusi.

Huko New York anakutana na Penny, mwalimu wa kike katika shule ya dansi. Naye Penny ana mtu amtakaye, kiongozi wa bendi aitwaye Romero. Hivyo tunao wachumba wa pande mbili, na katikati yao wako wawili ambao miguu yao imekwisha elewana kabla ndimi zao hazijathubutu kusema. Tangu hapo kichekesho kikubwa cha filamu ni kimoja: Lucky, ambaye bahati haimwachi, anajitahidi asizipate zile dola 25,000. Kila akikaribia kuzifikisha huacha kamari na kuondoka mezani, kwa kuwa akizitimiza atalazimika kurudi kumwoa mtu ambaye moyo wake haumtaki tena.

Mtazamaji wa Marekani hucheka hapo. Mtazamaji wa kwetu naye hucheka, lakini kicheko chake hukatika njiani, maana habari hiyo anaijua. Kule walitaja dola na kumwita mzee yule mwenye busara ya biashara. Huku tunataja shilingi na kuiita mahari. Katika nchi zote mbili kijana amepewa safari ileile: nenda katafute, ukipata urudi.

Miaka michache iliyopita tuliketi katika kikao cha posa ya binti wa kaka yetu huko Korogwe. Mshenga alikuwa mzee wa kauli tamu, aliyejua kuomba bila kujidhalilisha. Kijana aliyemtuma alikuwa fundi wa magari, mwenye mikono safi kuliko kazi yake, na jina jema mtaani. Wakubwa wetu walitaja shilingi milioni 5. Mshenga akaomba wapunguze. Mmoja wa wakubwa akamjibu kwamba binti huyu amesoma, na gharama za shule hazikulipwa na watu wengine. Sisi tulisema kwamba mahari si marejesho ya ada ya shule. Tulikumbusha pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiihesabu ndoa kuwa batili eti kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa, na kwamba hii ina maana bunge la nchi yetu liliona zamani kuwa kiini cha ndoa kiko mahali pengine. Tulisikilizwa kwa adabu, kisha kiasi kikabaki kilekile.

Kijana akaenda Mererani kutafuta bahati yake katika migodi ya tanzanaiti. Huu ni mwaka wa 3. Simu zake bado zinakuja, na vitu vidogo vidogo anavituma, lakini siku ya harusi haijatajwa. Binti yetu alitwambia jioni moja, akiosha vyombo na bila kutugeukia, "Baba mdogo, mmemtuma mtu akatafute fedha. Sasa mwombeeni asizizoee." Hatukuwa na la kumjibu. Lucky wa filamu aliachana na mchumba wake kwa sababu safari ya kutafuta bei ilimfikisha mahali pengine. Yeye alikuwa na mtunga hadithi wa kumpatanisha na kila mtu mwishoni. Vijana wetu hawana.

Filamu hii, hata hivyo, haiishii katika kuicheka bei. Inatuonyesha kipimo kingine cha wachumba, na kipimo hicho ni dansi. Hapa yafaa tueleze dansi ya ukumbini ni kitu gani, kwa kuwa siku hizi watu wengi huiona kama kushikana tu. Katika walzi au foksitroti wawili huenda kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Mmoja huongoza, lakini kuongoza kwenyewe si kuvuta wala kusukuma. Ni kumjulisha mwenzako, kwa kiganja na kwa kifua, kwamba sasa tunageuka. Mwingine hufuata, lakini kufuata si kuburutwa. Ni kusikiliza upesi kiasi kwamba atazamaye hawezi kujua nani alianza. Anayeongoza bila kusikiliza humkanyaga mwenziwe. Anayefuata kabla ya kuambiwa huvunja mwendo. Hakuna siri inayofichika hapo: mwenye kiburi ataonekana, mwenye papara ataonekana, na mwenye huruma naye ataonekana.

Katika shule ya dansi, Lucky anajifanya hajui kutembea, sembuse kucheza. Anaanguka na kumwangusha mwalimu wake. Penny anakata tamaa, anamwambia asipoteze fedha zake bure, naye mkuu wa shule, aliyekuwa akisikia, anamfukuza kazi papo hapo kwa kumkatisha tamaa mteja. Ndipo Lucky anapomwomba mkuu huyo atazame kidogo mafunzo aliyokwisha pewa, akamshika Penny mkono, na wote wawili wakacheza kwa wepesi ambao hauelezeki. Mkufunzi aliyefukuzwa anarudishiwa heshima yake kwa hatua za miguu. Hilo ni tendo la kwanza la mapenzi katika hadithi hii, na halina neno moja la mapenzi ndani yake.

Karibu na mwisho, Penny amekwisha kubali kuolewa na Romero, na Lucky amekuja kumuaga. Ukumbi mkubwa hauna watu. Wanatembea polepole kama watu waliochoka. Kisha mwendo wenyewe unageuka kuwa dansi, na katika dansi hiyo zinarudi hatua za siku zao za furaha, moja baada ya moja, kama mtu anayepitia barua za zamani kabla ya kuzichoma. Halafu mwanamke anazunguka, anatoka, na mwanamume anabaki peke yake. Husimuliwa kwamba sehemu ya mwisho ya dansi hiyo ilipigwa picha mara 47, hata miguu ya Ginger Rogers ikatoka damu. Atazamaye haoni damu, huona wepesi tu. Tunaitaja habari hii ili kijana asomaye asidhani kwamba kwenda sawa na mwenzako ni jambo lijalo lenyewe.

Baada ya hapo hadithi inarudi katika kicheko chake. Margaret naye anakuja na kueleza kwamba amempenda mtu mwingine. Romero anachezewa hila ileile ya pindo la suruali. Harusi inavunjika watu wakicheka, na Penny na Lucky wanabaki pamoja mbele ya dirisha, theluji ikipisha jua.

Sasa turudi kwetu, maana dansi hii si ngeni kabisa katika nchi yetu. Wakati wa ukoloni ilifika mijini, watu wakajifunza, bendi zikaanzishwa. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, miaka 4 kabla ya filamu tunayoizungumzia. Siku ya tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wengi wetu tumejifunza rumba, cha-cha-cha, twisti, na hata walzi na foksitroti, lakini ni wangapi kati yetu wawezao kucheza, au waliopata hata kusikia habari za Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lelemama? Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi katika ofisi tulizofanyia kazi. Yasiyorudiwa sana ni yale aliyoyasema katika hotuba hiyohiyo, kwamba kufufua utamaduni wetu si kukataa wa wengine, na kwamba taifa lisilotaka kujifunza chochote kwa wengine ni taifa la wapumbavu.

Yafaa tujiulize hasara yenyewe ilikuwa nini. Ngoma zetu nyingi zilikuwa ndicho kipimo chetu. Vijana walionana humo wazee wakiwatazama, pasipo siri na pasipo aibu. Bibi yetu mzaa mama alikuwa akisema kwamba babu alimchagua ngomani. Hakuwa mchezaji hodari kuliko wenziwe. Walikuwapo waliomshinda kwa mbali. Lakini usiku mmoja bibi alipotewa na hatua, naye babu hakuendelea na uhodari wake mbele za watu. Alipunguza mwendo wake, akamngojea mpaka akaipata, kisha wakaendelea. "Nikajua," alisema bibi, "kwamba huyu nyumbani hataniacha nyuma." Mahari yake ilikuwa majembe na mbuzi, ikapelekwa kwa furaha, na hakuna aliyeitaja tena.

Wazee wetu, basi, walikuwa na mambo mawili: mahari ya kuwashukuru wazazi, na ngoma ya kuwapima wachumba. Sisi tumelikuza la kwanza hata limekuwa mlima, na la pili tumeliachia litoweke. Leo katika kumbi zetu za harusi, baada ya kamati kukusanya michango na kadi kugawiwa, mshereheshaji huwaita bwana na bibi harusi wafungue muziki. Wageni husimama, wapiga picha husogea, na wale wawili huanza kuyumba kwa haya, kila mmoja akitafuta mguu wa mwenziwe. Kwa wengi wao hiyo ndiyo mara ya kwanza kucheza pamoja. Tumehudhuria harusi nyingi kwa wajibu wa kazi na wa udugu, na kila mara tumewaza kwamba dakika hizo zingewafaa zaidi kama zingewajia mwaka mmoja mapema.

Lakini hatuwezi kuisifu filamu hii tukanyamazia doa lake. Katikati yake upo mchezo ambao Fred Astaire anaucheza akiwa amejipaka rangi nyeusi usoni, nyuma yake vivuli vitatu vikicheza pamoja naye. Mchezo huo ulikusudiwa kuwa heshima kwa Bill Robinson, aliyejulikana kwa jina la Bojangles, mchezaji dansi Mweusi aliyezaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1878. Astaire hakuwa na nia mbaya, na miguu yake siku hiyo ilikuwa na adabu. Walakini Robinson mwenyewe alikuwa hai, alikuwa mashuhuri, na hakuitwa. Mwaka uliotangulia, katika filamu The Little Colonel, alipewa nafasi ya mtumishi wa nyumbani, akapanda na kushuka ngazi akicheza. Kwa hiyo aliyeheshimiwa hakuwapo katika heshima yake. Palikuwapo rangi tu.

Jambo hili latuhusu. Muziki wa swing, uliolipa jina filamu hii, ulikuzwa na Weusi wa Marekani. Katika ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa Harlem mwaka 1926, ndipo dansi zake zilipostawi. Hata foksitroti, ambayo tumezoea kuiita ya Kizungu, ilienezwa na Vernon na Irene Castle wakisindikizwa na bendi ya James Reese Europe, naye alikuwa mtu Mweusi. Wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika waliutia mwendo huo nguvu. Ukavalishwa suti, ukatembezwa dunia nzima, ukafika hata Dar es Salaam, nasi tukaupokea kama kitu cha wageni. Tungalijua asili yake pengine tungaliupokea kama mtoto wa shangazi aliyepotea zamani.

Hapo ndipo tunapoirudia mahari kwa jicho jingine. Mahari, kwa maana yake njema, ni kukiri. Ni kusema mbele za watu: kitu hiki kizuri ninachokichukua sikukiumba mimi, wako waliokilea, nami nawatambua kwa majina yao. Filamu hii iliicheka mahari iliyogeuzwa bei, na ilicheka kwa haki. Lakini yenyewe iliichukua dansi ya watu bila kuwaposa kwa wenyewe. Na sisi tusijione wema mno. Ni mara ngapi bendi zetu zimechukua mdundo wa ngoma ya kijiji fulani, ukauzwa mjini, na kijiji kile kisitajwe hata kwa jina? Anayedai milioni 5 kwa binti yake, na kesho akauchukua wimbo wa bibi kizee wa watu bila hata asante, huyo hajaielewa mahari.

Sisi watunzi wa mashairi hatuna fedha za kuwapunguzia vijana mzigo, ila maneno. Tuliwahi kuwaandikia ndugu zetu ubeti huu baada ya kikao kile:

Mahari si bei yake, si mizani ya dukani,
Ni heshima iwafike, walomlea nyumbani,
Hatua zilinganike, wakiingia ngomani,
Na ndoa iimarike, isiyumbe maishani.

Hatusemi kwamba kila wilaya ifungue shule ya walzi. Twasema kwamba maofisa utamaduni, walimu na wazazi hatuna budi kuwarudishia vijana mahali pa kuchezea pamoja mchana kweupe, wakubwa wakiwapo. Iwe ngoma ya kwao, iwe rumba, iwe hata foksitroti, mradi ni mchezo unaomfundisha mtu kumngojea mwenziwe. Na wazee waketio katika vikao vya posa waanze na maswali yaliyo ya kwanza: mmefahamianaje, na mkipotezana hatua nani humngoja mwenziwe?

Wakubwa wetu wa Korogwe wamekubali kukutana tena baada ya mavuno. Mshenga amekwisha arifiwa, na hoja ya kupunguza kiasi kile tutaitoa sisi.